Vidonge vya manjano kwa ini lenye mafuta

SWALI: Mhariri, asalaam aleikum. Mume wangu alipigwa ultrasaundi akaambiwa ini lake lina mafuta. Muuza dawa za asili akatuuzia vidonge vya kiungo cha manjano vyenye pilipili manga, akisema vina antioksidanti za kusafisha ini. Tangu aanze kuvimeza hana hamu ya kula, na mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi. Je, aendelee? – Msomaji, Unguja.

JIBU: Waaleikum salaam, dada yetu. Asiendelee. Aviache leo hii na aende hospitali akapimwe damu, yaani vimeng'enya vya ini (ALT na AST) pamoja na bilirubini (taka ya rangi ya njano ambayo ini huiondoa kwenye damu), kwa kuwa mkojo wa namna hiyo huweza kuwa dalili ya ini lililoumia.

Muuzaji hakuzua yote. Panya wanaopewa sumu ya kaboni tetrakloridi, ambayo ikivunjwa na ini huzaa chembe huru (molekuli haribifu ambazo antioksidanti huzizima) zinazoshambulia mafuta ya kuta za seli, hupata madhara madogo zaidi ya ini wakipewa kurkumini, kiini cha manjano. Lakini mumeo hakunywa sumu hiyo, na mafuta ya ini kwa kawaida hutokana na uzito, kisukari au pombe. Hata silimarini, dawa ya mmea inayosifiwa kuliko zote kwa ini, ilipojaribiwa kwa wagonjwa 154 wa homa ya ini C kwa wiki 24, na matokeo kuchapishwa 2012, haikushusha ALT kuliko kidonge kisicho na dawa.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni hiyo pilipili manga. Unga wa manjano una kurkumini kiasi cha asilimia 3 tu, nayo haifyonzwi vizuri, ndiyo maana mchuzi wa kila siku hauna tatizo. Piperini ya pilipili manga huzuia utumbo na ini kuiondoa kurkumini mwilini: utafiti wa 1998 ulionyesha kwamba miligramu 20 za piperini ziliongeza kurkumini iliyoingia kwenye damu ya watu kwa asilimia 2,000. Kwa maneno mengine, kidonge kinachouzwa kusaidia ini hufanya kazi kwa kulizuia ini lisifanye kazi yake, na dawa nyingine, kama fenitoini ya kifafa, nazo huweza kupanda kwenye damu.

Madaktari wa Marekani, katika ripoti ya mwaka 2022, walieleza wagonjwa 10 walioumia ini kwa sababu ya manjano. Mmoja alifariki, na 7 walikuwa na aina moja ya jeni, HLA-B*35:01, ambayo mtu hajijui kuwa nayo.

Mwende na kopo lenyewe la vidonge, na mwombe apimwe pia homa ya ini B. Akishapona, kupunguza uzito kwa asilimia 7 hadi 10, ikiwa umezidi, hupunguza mafuta ya ini. Manjano ya pilau msiyaache.