Wazazi wako bondeni, wewe uko Dar, masika inakuja: tulichofanya sisi kijijini kwetu Rufiji

Mkuu mleta mada, nimesoma swali lako mara mbili. Umesema uko hapa Dar, wazazi wako kijijini bondeni, masika ikikaribia hulali, na ulipompigia mtendaji alikwambia kamati ya maafa ipo ila alishindwa kukueleza inafanya nini, sasa unauliza sie tulio mjini tufanye nini zaidi ya kutuma hela. Waliotangulia wengi wamekujibu "wahame tu". Naomba nikujibu kwa marefu, maana jambo hili limenikuta na bado liko moyoni.

Mimi naishi Mbagala, kwetu Rufiji. Kwa asiyejua, kwetu mafuriko tumezaliwa tumeyakuta, mto ukijaa na kurudi unaacha udongo mzuri wenye unyevu na watu wanalima mlau, yaani wanapanda maji yakishapungua. Wazee walikuwa wanajenga madungu, vibanda vya juu ya nguzo, wanalala humo mashambani wakiamia ndege na kufukuza nguruwe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliwahamishia watu vijiji vya juu, ila mashamba yalibaki palepale bondeni, na mtu hawezi kukaa mbali na chakula chake. Ndo maana kumwambia mama yako ahame wakati huna shamba lingine la kumpa haitasaidia kitu. Cha kujiuliza ni siku maji yakija atatokaje, nani anamtoa, na usiku ule atalala wapi.

Sasa nisimulie Aprili 2024. Mvua zile kila mtu anazikumbuka, Rufiji na Kibiti maji yaliingia mashambani na vijijini, na watu hawajakaa sawa mapema Mei kikaja kimbunga Hidaya, barabara ya kusini ikakatika maeneo ya Somanga. Kijijini kwetu maji yalipanda usiku. Watu walisaidiana sana, vijana wenye mitumbwi hawakulala. Asubuhi wote wamekusanyika shuleni ndo mama mmoja akauliza, mzee fulani yuko wapi? Huyu mzee haoni, anaishi peke yake, na nyumba yake iko katikati ya majirani kabisa. Jirani wa kulia alijua kachukuliwa na wa kushoto, wa kushoto akajua yuko na watoto wa mdogo wake, na wale watoto wakajua yuko na majirani. Wakamfuata kwa mtumbwi wakamkuta kakaa juu ya meza, meza kaipandisha juu ya kitanda, maji yanamlamba nyayo, jogoo wake kamfunga kwenye shuka kamkumbatia kifuani. Alikuwa mzima. Alichosema ni "nilisikia mnaondoka, nikajua mtarudi". Mjomba wangu alikuwa kwenye mtumbwi ule, alipofika hapo akinisimulia kwa simu alinyamaza mpaka nikadhani salio limekata.

Watu wale wote wana roho nzuri, nawajua mmoja mmoja, ila hakuna hata mmoja aliyekuwa amepangiwa yule mzee kwa jina. Kwa hiyo kitu cha kwanza tulichofanya maji yalipopungua ni daftari. Nilinunua kaunta buku hapa Mbagala Rangi Tatu nikalipeleka mwenyewe. Mwenyekiti wa kitongoji na mhudumu wa afya wa jamii wakapita nyumba kwa nyumba wakaandika kila ambaye hawezi kujitoa mwenyewe: wazee, wenye ulemavu, wajawazito wa miezi ya mwisho, mama mwenye mapacha wachanga, watoto wanaobaki na bibi. Mbele ya kila jina kuna jina la anayemchukua, halafu jina la wa pili, maana wa kwanza anaweza kuwa shamba ng'ambo ya mto. Halafu wanapita njia gani na wanafikia kwa nani. Na hao wachukuaji waliitwa wakaambiwa mbele ya watu, wakakubali kwa mdomo wao, hilo ni muhimu kuliko wino. Ugonjwa wa mtu hatuandiki, tunaandika tu "anatumia dawa kila siku", mhudumu wa afya ndo anajua ni dawa gani na anahakikisha kabla ya masika mtu ana akiba yake. Daftari linapitiwa upya kabla ya vuli na kabla ya masika. Nakala moja iko zahanati, na picha za kurasa zote ziko kwenye simu za watu watatu tu hapa Dar, hatukuzimwaga kwenye grupu, majina ya wagonjwa na vizee wanaoishi peke yao si ya kutembeza.

La pili ni kujua maji yanakuja. Hapa wengi wanakosea wanaangalia mawingu ya kijijini. Rufiji inabeba maji ya Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu, mvua inaweza kunyesha mbali huko juu nyie kwenu jua kali na mto unapanda. Na sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere, maji yakizidi bwawani lazima yaachiwe, kwa hiyo zile dalili za mto ambazo wazee walikuwa wanazisoma peke yake hazitoshi tena. Dalili zao nazithamini sana, ila lazima kijiji kiwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kupokea taarifa kutoka wilayani na kusikiliza TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, kwenye redio. Sisi tumekubaliana hivi: TMA wakitoa angalizo, ile rangi ya njano, kila nyumba inaweka vitu vyake tayari na wachukuaji wote wanajionesha kwa mwenyekiti. Ikifika tahadhari, rangi ya chungwa, wote walio kwenye daftari wanaondoka mchana huohuo bila kusubiri kuona maji. Tahadhari kubwa, nyekundu, hakuna anayelala bondeni. Na pale kwenye kivuko vijana wamesimika nguzo wakaipaka rangi hizohizo tatu, maji yakigusa chungwa hatungoji redio wala mtendaji.

Tangazo lenyewe linatoka kwa spika ya msikiti na kwa ile rimu ya gari inayoning'inia kwenye mwembe wa shule, umeme ukikatika rimu haikatiki. Mapigo ya haraka bila kupumzika maana yake ondoka. Watoto wameambiwa wasiiguse kwa mchezo, na wanaheshimu kweli, sababu usiku ule waliuona.

Sasa niseme kitu ambacho viongozi wengi hawakijui au hawataki kukisikia. Watu hawabishi kuondoka kwa ujinga. Bibi yangu mzaa mama, ana zaidi ya miaka 80, mwaka 2024 aligoma mpaka maji yalipoingia jikoni, na nilipomuuliza baadaye akaniambia "mjukuu wangu, mbuzi wangu watatu ningemwachia nani, na karatasi za shamba za babu yako zipo chini ya godoro". Yaani hofu yake yote ilikuwa mbuzi na karatasi. Mbuzi tukawatafutia boma kwa ndugu upande wa juu, wanahamishwa mapema kabisa siku ya angalizo, kabla ya watu, na ukishawahamisha mbuzi bibi mwenyewe anawafuata. Karatasi nikamletea ndoo ya rangi ya lita 20, ile yenye mfuniko wa kubana. Ndani kuna hati za shamba, kadi ya kliniki, kitambulisho cha NIDA, kadi ya bima, vyote kwenye nailoni, kuna kiberiti, tochi, sabuni, kanga mbili, simu ya kitochi na kikaratasi chenye namba zetu zimeandikwa kwa kalamu, maana simu ikizima hakuna anayekumbuka namba ya mtu siku hizi. Ndoo inaelea, na mkifika salama inakuwa ndoo ya maji. Nyumba nyingi zimeiga.

Turudi kwenu mlio mjini. Sisi grupu letu hapa Dar mwaka ule tulichanga haraka sana, tukatuma kwa simu, tukajiona tumemaliza. Hela ikakaa kwenye simu. Mtandao ulikuwa unakata, chaji hakuna, na wakala aliyebaki hakuwa na pesa taslimu za kutolea, hata angekuwa nazo duka lenyewe lilikuwa majini. Mtu ana laki kwenye simu na watoto hawajala. Sasa tunachanga mapema kila mwezi, kidogokidogo, na kabla ya masika ile hela inageuka kuwa unga, maharage, chumvi, sukari, mafuta ya kula, maturubai, kamba na vidonge vya kutibu maji, vinakaa kwa mtu wa upande wa juu anayeaminika, na orodha inasomwa kwenye mkutano wa kijiji kila mtu asikie. Isipotumika, chakula kinagawiwa kwa wazee wa kwenye daftari na tunanunua kingine. Tumewalipia pia vijana wawili wenye mitumbwi maboya ya kuvaa, kwa sababu ule mto una mamba na viboko na tusiwe tunawapongeza vijana kwa ushujaa huku tumewaacha waingie mtoni na fulana tu.

Kuhusu kuvuka maji kwa miguu, tafadhali wapigieni wazazi muwaambie hili kwa lugha wanayoielewa: maji yanayokimbia ya sentimita 15 tu, hayajafika hata nusu ya goti, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Na msisahau magonjwa, maji yakiingia kwenye vyoo na visima ndo kipindupindu kinapopata mlango. Maji yachemshwe au yatiwe dawa, hata yanayoonekana meupe. Mtu akianza kuharisha na hakuna ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, anywe kidogokidogo huku anapelekwa zahanati, na vijiko viwe vya kusawazisha, chumvi isizidi.

Kamati yako ya kwenye makaratasi usiidharau na usiizunguke. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inazitambua kamati mpaka ngazi ya kijiji, kwa hiyo una haki ya kuuliza kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Sisi tulienda na barua fupi yenye maswali matatu tu: wajumbe ni nani kwa majina, wasiojiweza ni nani kwa majina, na tukilazimika kulala nje usiku wa leo tunalala wapi. Mtendaji hakukasirika, alifurahi kupata watu wa kumsaidia, ana vitongoji vingi na pikipiki moja. Mahali pengine, kijiji cha jirani zetu, walipeleka lawama kwanza, mpaka leo wanazungushana.

Halafu fanyeni zoezi. La kwetu la kwanza lilifanyika Jumamosi mchana kavu kabisa, rimu ikagongwa, na tukagundua njia tuliyoichora inapita kwenye daraja la magogo ambalo kigari cha mlemavu hakipiti. Tulibadilisha njia siku hiyohiyo. Yule mzee asiyeona alifika shuleni wa nne, kashikwa mkono na kijana aliyeandikwa jina lake, jogoo kwapani.

Mkuu, ukitaka nitakuwekea picha ya ukurasa mtupu wa daftari letu uone tulivyopanga safu, niambie tu hapa chini. Wiki hii siko hewani sana, Jumamosi alfajiri napanda basi Rangi Tatu kwenda nyumbani, bibi kanitumia salamu kupitia kwa binamu kwamba mfuniko wa ndoo yake umepasuka, na jirani yake pembeni naye anataka ya kwake.