Kwa mnaoanza utafiti wa vihisi vya mwanga na umeme: anzeni na gunia la mahindi

Karibu kila mwanafunzi mpya anayejiunga na kazi hii ya vihisi vinavyochochewa kwa mwanga na kusomwa kwa umeme huja na swali lilelile: nitumie semikondakta gani, yaani nyenzo gani ya kukamata mwanga? Keshasoma makala kadhaa, keshavutiwa na majina ya madini na mchanganyiko wake, na anatamani kesho asubuhi awe maabara akichanganya kemikali. Mimi humjibu kwa swali. Unataka kupima nini, kilichomo ndani ya nini, na sheria inaruhusu kiasi gani? Hayo matatu yakishapata majibu, elektrodi, kipande kinachobeba nyenzo hiyo na kupitisha umeme, itajichagua karibu yenyewe. Yasipopata majibu, utatengeneza kifaa kizuri kisicho na kazi.

Nitatumia sumukuvu, sumu inayozalishwa na kuvu kwenye nafaka, kama mfano, kwa sababu ndiyo inayotuua sisi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya waliugua watu 317 na 125 wakafariki kwa mahindi yenye aflatoksini, mojawapo ya sumukuvu hizo. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Dodoma na Manyara. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo, na malori yakapanga foleni mpakani. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni ppb 10 kwa aflatoksini zote kwa jumla, na ppb 5 kwa aina ya B1 peke yake. Ppb moja ni mikrogramu moja ndani ya kilo moja.

Sasa chukua karatasi upige hesabu. Unapima gramu 25 za unga, unamimina mililita 125 za methanoli iliyochanganywa na maji, unatikisa, unachuja. Kama unga una ppb 5 kamili za B1, gramu hizo 25 zimebeba nanogramu 125. Zikitoka zote, kila mililita ya mchujo wako ina nanogramu 1. Lakini methanoli nyingi huharibu kingamwili (protini ya kunasia sumu) na huvuruga mkunjo wa aptama (uzi mfupi wa DNA au RNA unaojikunja na kunasa sumu), kwa hiyo utauzimua mchujo huo mara kumi kwa bafa, kimiminika kinachotuliza kiwango cha asidi. Umebaki na nanogramu 0.1 kwa mililita, yaani takriban nanomola 0.3 kwa lita. Hapo ndipo kihisi chako kinapotakiwa kusema kweli kila siku, kwa kila elektrodi, kwa kila anayekishika.

Kikiweza kushuka hadi sehemu ya kumi ya kiwango hicho, kinatosha kabisa. Makala nyingi zinashindana kufika femtogramu (sehemu ya milioni ya nanogramu), na mwanafunzi huona aibu kuandika namba kubwa kuliko ya jirani. Usione aibu. Kihisi kinachojaa kabla ya kufika kwenye kikomo cha sheria kitakulazimisha kuzimua mara elfu, na kila unapozimua unaongeza kosa la pipeti. Kwa mnunuzi aliyesimama soko la mahindi la Kibaigwa, Dodoma, femtogramu haimsaidii kuamua chochote.

Kuhusu namna kifaa kinavyofanya kazi, nitapita haraka. Mwanga wenye nishati ya kutosha ukipiga semikondakta, elektroni huruka ngazi ya juu na kuacha tundu lenye chaji chanya. Elektroni hupita kwenye kioo kilichopakwa tabaka linalopitisha umeme hadi kwenye waya, na huo ndio mkondo unaousoma. Tundu nalo hunyang'anya elektroni kutoka kwenye kitu kilichomo kwenye maji, mara nyingi asidi ya askobiki uliyoiweka makusudi. Sumu ikinaswa na aptama iliyopandikizwa juu ya elektrodi, njia huziba au hufunguka, na mkondo hushuka au hupanda. Edmond Becquerel aliona umeme unaozaliwa na mwanga mwaka 1839. Mwaka 1972 Fujishima na Honda wa Japani walionesha oksidi ya titani ikipasua maji kwa mwanga. Faida yake kwetu ni hii: unachochea kwa mwanga na unasoma kwa umeme, hivyo kelele za nyuma (mkondo usiotokana na sumu) huwa chache kuliko ukichochea na kusoma kwa umeme uleule. Tena taa ya LED na kifaa cha kusomea vinaingia kwenye begi la mgongoni. Ndiyo maana ninaamini kazi hii ina nafasi kwenye maghala yetu, si kwenye majarida tu.

Sasa semikondakta. Gawa 1240 kwa pengo la nishati (nishati ya kurusha elektroni ngazi ya juu) katika elektronivolti, utapata urefu wa wimbi katika nanomita ambao nyenzo hiyo inaanza kuukamata. Oksidi ya titani ya aina ya anatase ina 3.2, kwa hiyo inahitaji mwanga wa nanomita 387 au mfupi zaidi, yaani urujuanimno. Ni nyenzo imara na rahisi, lakini aflatoksini B1 yenyewe hufyonza mwanga wa karibu nanomita 360, hung'aa rangi ya bluu, na ikikaa kwenye urujuanimno huanza kuvunjika. Unapima kitu huku taa yako inakiharibu. Afadhali uhamie kwenye mwanga unaoonekana: nitridi ya kaboni yenye 2.7 hufika nanomita 460, vanadati ya bismuthi yenye 2.4 hufika karibu 517. Salfidi ya kadimiamu itakupa mkondo mkubwa na itakushawishi. Mimi huwa siishauri. Matundu yake hushambulia salfidi yenyewe ikawa inaliwa na mwanga, na kadimiamu ni sumu. Kifaa cha kulinda chakula kisiache sumu nyingine mezani.

Elektrodi ndipo wengi hupoteza miezi, nami nitakaa hapo kidogo. Kioo cha FTO, yaani kilichopakwa oksidi ya bati yenye florini, kina upande mmoja tu unaopitisha umeme, na kwa macho pande zote zinafanana. Weka mita ya umeme, tafuta upande wenye ukinzani mdogo, kisha chora alama ndogo kwenye kona ya upande wa pili. Osha kwa sabuni, asetoni, ethanoli, halafu maji safi ya maabara, kila hatua ndani ya kisafishio cha mawimbi ya sauti. Dondosha tone la maji: likitandaa kioo ni safi, likijikusanya kama shanga bado kuna mafuta. Bandika tepu yenye tundu lililotobolewa kwa kifaa kimoja siku zote. Tundu la milimita 6 linakupa eneo la sentimita mraba 0.28, na bila kulijua eneo huwezi kulinganisha elektrodi na elektrodi. Ukiona mkondo unapanda taratibu kila kipimo, usikimbilie nadharia. Kagua ukingo wa tepu kwanza. Mara nyingi maji yamepenya chini yake na eneo limeongezeka. Klipu ya mamba nayo isiguse maji hata kidogo, kwa sababu huanza kuliwa na kutu na kukupa mkondo usio wako. Tone la nyenzo likikauka haraka huacha pete nene pembeni na katikati pembamba. Lifunike kwa kisahani cha petri likauke polepole.

Kabla hujagusa sumu yoyote, fanya jaribio hili. Weka elektrodi kwenye bafa na askobiki pekee, washa taa sekunde 20, zima sekunde 20, endelea nusu saa. Mara nyingi utaona mkondo unaruka juu kisha unashuka kidogo na kutulia. Hapo elektroni na matundu vinakutana na kupotezana. Unachotafuta ni mwenendo wa nusu saa nzima. Elektrodi ikipoteza asilimia 15 bila kukutana na sumu, na kesho ukaona sumu inashusha mkondo asilimia 15, umepima uchovu wa elektrodi. Jaribio hili halina mvuto na haliletei mtu sifa, lakini kila nikisoma rasimu ya mwanafunzi ndilo ninalolitafuta kwanza.

Taa nayo ni sehemu ya kipimo. Tengeneza kishikio kisichosogea, kwa sababu ukisogeza taa ndogo nusu ya umbali, mwanga unaweza kuongezeka hadi mara nne. Taa ya zenoni huhitaji muda wa kutulia na hupasha maji moto. LED yenye kidhibiti cha mkondo ni rahisi, tulivu, na inavumilia umeme wetu unaoyumba. Fanya kazi ndani ya boksi jeusi. Askobiki itengenezwe kila asubuhi, kwa maana hewa huila. Ikianza kugeuka njano, imwage.

Tukija kwenye sampuli, hapa ndipo kosa kubwa kuliko yote linapokaa, na si la kemia. Kuvu hushambulia mahindi kwa mafungu. Punje moja inaweza kubeba sumu nyingi mno huku zinazoizunguka zikiwa safi. Ukichota kiganja kimoja juu ya gunia, jibu lako ni bahati nasibu hata kama elektrodi ni ya dhahabu. Tumia bambo (mrija wenye ncha wa kuchotea nafaka ndani ya gunia), choma sehemu nyingi na magunia mengi, changanya, saga yote, ndipo uchote gramu zako 25 kwenye unga uliosagwa. Kama huwezi kwenda sokoni mwenyewe, mfundishe vizuri anayekuchukulia na umwandikie hatua kwa hatua.

Mchujo wa mahindi ya njano una rangi inayokula mwanga wa bluu, na mchujo wenye ukungu hukinga taa. Ukimulika kupitia humo, mkondo utashuka na utadhani umeona sumu. Njia ninayoipendelea ni kuiacha elektrodi ikae ndani ya mchujo gizani, kuiosha, kisha kuipima kwenye bafa safi. Nyingine ni kumulika kutokea nyuma ya kioo. Grafu ya ulinganisho, inayogeuza mkondo kuwa kiasi cha sumu, itengeneze ndani ya mchujo wa mahindi safi, usiitengeneze ndani ya bafa tupu. Na kwa kuwa matundu hayachagui yanachokioksidisha, kila siku weka pembeni elektrodi yenye aptama iliyovurugwa mpangilio. Nayo ikijibu sumu, aptama yako haina inachofanya.

Kwa wanaopima maji nina mawili tu. Maji ya bomba yana klorini, na desturi ni kuiua kwa thiosalfeti. Kumbuka thiosalfeti nayo huyapa matundu elektroni na inaweza kukupandishia mkondo, kwa hiyo iweke kwa kiasi kilekile kwenye sampuli tupu, ile isiyo na unachokipima. La pili: si kila tatizo linataka mwanga. Mtu wa Arusha anayetaka kujua kama kisima chake kimevuka miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, ambayo ni kikomo cha WHO, anahudumiwa vizuri na elektrodi ya kawaida ya floraidi. Tafuta tatizo ambalo njia yetu inalimudu kuliko zilizopo.

Usalama sitauzungushia maneno. Aflatoksini B1 imo kundi la 1 la IARC (shirika la WHO la utafiti wa saratani), visababishi vya saratani vilivyothibitishwa. Nunua iliyokwisha yeyushwa, usipime unga wake kwenye mizani, kwa sababu vumbi lake hurukaruka kwa umeme tuli. Vaa glavu, na vyombo vilowekwe kwenye hipokloriti ya sodiamu kabla ya kuoshwa. Hifadhi sumu kwenye chupa za rangi ya kahawia. Kama unatumia LED ya urujuanimno, miwani haina mjadala, hata kwa sekunde chache za kurekebisha kishikio.

Ukifika mwisho, usitosheke na sampuli ulizozitia sumu mwenyewe. Sumu uliyoidondoshea kwenye unga hutoka kirahisi kuliko ile iliyozalishwa na kuvu ndani ya punje. Tafuta mahindi yaliyochafuka kweli, saga, gawa unga mafungu mawili, andika namba zisizoonesha asili yake, nusu upime wewe na nusu ipelekwe maabara yenye ithibati ipimwe kwa HPLC, njia ya maabara ya kutenganisha na kupima kemikali. Hakikisha kuna ya chini ya ppb 5, ya juu kabisa, na mengi yanayokaribiana na 5, kwa sababu hapo ndipo uamuzi ulipo. Kisha hesabu makosa kwa mafungu mawili: mahindi salama uliyoyakataa, na mahindi yenye sumu uliyoyapitisha. La kwanza linamnyima mkulima mauzo ya msimu mzima. La pili linaishia kwenye sufuria ya uji wa mtoto. Yaandike kwenye tasnifu yako kama namba mbili tofauti, na msimamizi akikuambia uziunganishe ziwe asilimia moja ya usahihi, mweleze kwa heshima kwa nini hutaziunganisha.