Bofya na Bonyeza Si Hiari ya Mwandishi

SWALI: Mimi ni mwalimu wa kompyuta hapa Dodoma. Ninaandaa somo la programu zenye vitufe, zinazosubiri matukio ya kipanya, yaani taarifa kwamba mtumiaji amefanya jambo fulani kwa kipanya. Je, "bofya" na "bonyeza" yanatofautiana, au ni hiari ya mwandishi?

JIBU: Hiari! Ndivyo wanavyodhani waandishi wetu wa maelekezo, ambao wamelifanya "bonyeza" kuwa jembe la kulimia kila shamba, kuanzia kengele ya mlangoni hadi fomu za mtandaoni.

"Bonyeza" limetokana na "bonyea", kwa hiyo halisemi zaidi ya kwamba kitu kimesukumwa kikaingia ndani. "Bofya" lilikuwa neno la sokoni kabla halijawa la kompyuta: mnunuzi hulibofya tunda kwa kidole, akaliachia, akajua kama limeiva. Nenda Soko la Majengo ukazibonyeze zabibu badala ya kuzibofya, kisha umsikilize muuzaji akikuambia kwamba ulizozikamua ni zako, toa hela.

Sasa mtazame mwanafunzi wako. Ameweka kishale juu ya kitufe kilichoandikwa "Futa", amebonyeza upande wa kushoto wa kipanya, na kabla hajainua kidole amejuta, akakiburuta kishale hadi nje ya kitufe, ndipo akaachia. Katika programu nyingi faili lake litabaki salama, kwa sababu tukio la kubonyeza limetokea, la kuachia nalo limetokea, lakini kwa kuwa hayakutokea yote mawili juu ya kitufe kilekile, tukio la kubofya halikuzaliwa. Ukiandika ubaoni "kitufe kikibonyezwa, faili lifutwe", umetunga programu inayomwadhibu mtu aliyekwisha kutubu. Andika "kikibofywa", na "bonyeza" na "achia" uyaweke akiba kwa somo la kuburuta, ambako kila moja lina kazi yake.

Na kwa kuwa "tukio" linatoka kwenye "tukia", nakusihi usiseme programu "imefanya tukio". Programu hupokea tukio. Wanaofanya tukio hutafutwa na polisi.

"Kipanya" sina ugomvi nacho, ingawa wapo wanaokumbuka daladala ndogo zilizoitwa hivyo. "Kukliki" kumenichosha, lakini mwenye kusema hivyo angalau amekisikia kipanya kikilia. Wanafunzi wakilitumia kibarazani, waache. Kwenye mtihani, wakate nusu alama.