Asasi ya kupinga rushwa ipokee pesa ya mkandarasi? Jibu langu kwa mleta mada

Mkuu, umeuliza hivi: asasi yenu inafuatilia matumizi ya fedha za umma wilayani, mkandarasi anayejenga barabara ya halmashauri ameahidi kuwapa milioni 40 "kuunga mkono juhudi", na bodi imegawanyika. Kuna aliyekujibu kwamba pesa haina harufu. Kwa asasi ya aina yenu inayo, na inanukia mbali.

Kwa huyo mkandarasi jibu ni hapana, hata awe mtu safi kiasi gani, maana barabara yake ndiyo mnayoikagua. Mkiandika kwamba kalavati ni jembamba kuliko lilivyo kwenye mkataba, watu watasema alikataa kuwaongeza. Mkiandika kwamba barabara ni nzuri, watasema mmelainishwa. Ripoti imeshakufa kabla haijachapwa.

Kazi iko kwa wale wa katikati: benki, mfanyabiashara wa mkoani, kampuni ya simu, ubalozi. Hapo mnahitaji kanuni iliyoandikwa kabla mfadhili hajabisha hodi. Ikiandikwa huku milioni 40 zinangoja mezani, itaandikwa kuzizunguka.

Anayetafuta pesa asiwe anayeamua kuipokea. Wekeni watu watatu: mjumbe wa bodi asiye na zabuni serikalini, mhasibu, na mtu wa nje asiyelipwa na asasi. Mmoja akikataa, imekataliwa. Kila uamuzi, wa kukubali na wa kukataa, uwe na karatasi yake yenye tarehe na sababu.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji mpelelezi. Chukua taarifa za kampuni BRELA, wakala wa Tanzania wa usajili wa kampuni, uone wakurugenzi na wanahisa, kisha yalinganishe majina hayo na ya madiwani, wakuu wa idara na bodi yenu wenyewe. Angalia orodha ya waliofungiwa kuomba zabuni na PPRA, mamlaka ya ununuzi wa umma, na ile ya Benki ya Dunia ambayo iko wazi mtandaoni. Pitia ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, za miaka mitatu ya karibuni. Kosa la kawaida ni kutafuta jina la kampuni peke yake. Kampuni iliyofungiwa hurudi na jina jipya, wakurugenzi wakiwa walewale, kwa hiyo tafuta majina ya watu.

Pesa ikishaingia, kaa na slipu ya benki. Mkataba unasema mfadhili ni kampuni, slipu inasema aliyeweka ni mtu binafsi: simamisha hapo hapo, uliza kwa maandishi. Dalili nyingine ni pesa kukatwakatwa. Kanuni za NGO za mwaka 2018 zinataka mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 upelekwe Hazina na kwa Msajili wa NGO ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Mtu akikwambia "tuifanye mara mbili, milioni kumi na tisa kumi na tisa", ameshakuonyesha nia yake.

Kwenye mkataba tafuteni mambo matatu na kuyafuta: mfadhili kusoma ripoti na kuiridhia kabla haijatoka, ahadi ya kutomsema vibaya, na usiri wa kiasi alichotoa. La kwanza huja limevaa nguo nzuri, "ushauri wa kitaalamu kabla ya kuchapisha". Lifuteni nalo. Akigoma kusaini bila hayo, mmepata jibu bila kugombana.

Vitu visivyo pesa ndivyo vinavyowaponza wengi. Gari la kuazima, mafuta, ofisi ya bure, ukumbi na chakula cha semina, fulana zenye nembo. Vyote vithaminiwe kwa bei ya soko na viingie kwenye daftari lilelile la michango. Baya kuliko yote ni posho: kampuni kulipa posho za wanakijiji wanaokwenda kukagua mradi wake. Hilo lisijadiliwe hata dakika tano.

Kiwango nacho kina maana. Kule Ujerumani, mpango wa uwazi wa asasi za kiraia ulioanzishwa mwaka 2010 unataka asasi itangaze jina la kila kampuni au taasisi iliyotoa zaidi ya asilimia 10 ya mapato yake ya mwaka. Mimi ningeifanya hiyo 10 iwe ukomo wa kampuni yoyote moja, na majina yatangazwe kuanzia kiasi kidogo tu, tuseme laki tano. Asiyetaka kutajwa na asitoe.

Ngumu zaidi ni pesa ya mkosaji aliyekwisha kuadhibiwa. Siemens, kampuni ya Ujerumani, baada ya kashfa yake ya hongo, ilikubaliana na Benki ya Dunia mwaka 2009 kutoa dola milioni 100 ndani ya miaka 15 kwa kazi za kupinga rushwa. Transparency International, asasi ya kimataifa ya kupinga rushwa, ilipopokea sehemu ya pesa hiyo ililaumiwa sana, na lawama zile hazikuwa za bure. Linganisha na chenji yetu ya rada: BAE, kampuni ya Uingereza iliyoiuzia Tanzania rada, ilipigwa faini mahakamani Uingereza Desemba 2010, na pauni milioni 29.5 zikaja mwaka 2012 kwa ajili ya vitabu na madawati. Pale kiasi kilijulikana, matumizi yalijulikana, na waliofaidika walikuwa wanafunzi, si wanaharakati. Pesa ya namna hiyo, kwa maoni yangu, asasi iikubali pale tu inapopitia kwa mtu wa tatu anayegawa bila mkosaji kuwa na kura, na isitumike kamwe kwenye sekta anayofanyia biashara.

Mwisho, kama mkandarasi wenu ameshatuma kitu. Msiitumie, na msiirudishe kwa namba nyingine atakayowapa, hata akisema ni ya mhasibu wake. Pesa ikitoka kwake ikapita kwenu ikaenda kwa mtu mwingine, mmeisafisha ninyi. Irudi kwenye akaunti ileile ilikotoka, kiasi kilekile, kupitia benki, na barua ya mistari minne: tumepokea kiasi hiki tarehe hii, hatupokei kutoka kwa tunaowafuatilia, tumekirudisha, nakala kwa bodi. Mkishuku kwamba pesa yenyewe ni haramu, ongeeni na benki kabla ya kuigusa. Na barua hiyo msimpe tarishi wake aipeleke; pelekeni wenyewe, nakala igongwe mhuri wa kupokelewa.