Nilidhani ni U.T.I., maambukizi ya njia ya mkojo.

Basi la Tanga kwenda Dar lilikuwa limeshapita Segera, abiria wengi wamesinzia, nikapiga chafya. Moja tu. Nikahisi joto limeshuka hadi kwenye gauni. Nikatoa kanga mkobani, nikajifunga kiunoni, nikatulia. Konda alipotangaza kuchimba dawa, wenzangu waliteremka wote; mimi nilibaki kitini kwa hofu ya alama niliyoiacha pale. Nilikuwa na miaka 34, mwanangu wa tatu ana miezi 7.

Kabla ya safari hiyo nilishameza sipro, dawa ya kuua vijidudu, mara tatu. Naenda duka la dawa, naeleza kwamba mkojo unanitoka, naambiwa, "U.T.I. hiyo dada," napewa vidonge. Hakuna aliyetaka mkojo upimwe, seuze kuoteshwa maabara kutafuta vijidudu. Wala mimi sikuuliza. U.T.I. lilikuwa jina jepesi la kumtajia mume wangu. Kujikojolea ni neno la watoto, na sikuwa tayari kulisema kwa kinywa changu.

Nilipomdokezea mama mkwe, alinijibu, "Mwanangu, kwetu hatuna ugonjwa huo. Huo ni wa watu wa mjini." Shoga yangu wa Moshi naye aliambiwa kwao kwamba hayo ni maradhi ya watu wa pwani. Kila ukoo umeutupa mzigo huu kwa jirani, na ndiyo maana kila mwanamke anadhani yuko peke yake.

Kule Boston, Marekani, kati ya mwaka 2002 na 2005 watafiti waliwahoji watu zaidi ya 5,500 wenye umri wa miaka 30 hadi 79: Weusi, Walatino na Wazungu, wanawake kwa wanaume. Karibu 19 katika kila 100 walikuwa na dalili za kusumbuliwa na mkojo. Kwa jumla hiyo, rangi haikuleta tofauti, wala jinsia. Kilicholeta tofauti ni umri: kwenye miaka ya thelathini walikuwa kama 10 katika 100, kwenye miaka ya sabini wakafika robo nzima. Ukichambua dalili moja moja utakuta zinapishana. Mkojo kuvuja kwa kikohozi au kicheko, kwa mfano, huonekana zaidi kwa wanawake wa Kizungu kuliko Weusi. Lakini kuonekana zaidi kwa hawa hakumaanishi wale wamesalimika. Mimi ninayaangalia sana hayo 10 ya vijana. Hao ni wa umri wangu.

Nikaanza kuitazama familia yetu kwa jicho jingine. Mjomba alikuwa akiamka mara tano usiku na kusema ni uzee, hadi mkojo ulipofunga kabisa, akakimbizwa hospitali akawekewa mpira wa kutolea mkojo. Ilikuwa tezi dume. Mtoto wa dada yangu, miaka 6, alikuwa akichapwa kwa kukojoa kitandani. Jambo hili linaniuma kuliko yote. Watoto wapatao 15 katika kila 100 wenye miaka 5 bado wanakojoa usiku, mara nyingi ni jambo la kurithi, na wengi huacha wenyewe wanapokua. Mtoto aliyelala hana anachokusudia. Fimbo haimfundishi kitu.

Mimi nilipona vipi? Nilimpata muuguzi mmoja wa makamo aliyeuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa: "Mkojo unatoka ukikohoa, au unatoka ukiwa unakimbilia choo?" Kwangu ilikuwa kikohozi, chafya, kubeba ndoo. Akanieleza kwamba misuli ya chini ya nyonga, inayoshikilia kibofu, ililegea kwa mimba na uzazi, na dawa ya vijidudu haiwezi kuikaza. Akanifundisha: kaza kama unayezuia ushuzi, tumbo na mapaja yatulie, usibane pumzi, hesabu polepole hadi 6 au 8, achia kabisa, pumzika. Fanya hivyo mara 8 au 10, mara tatu kwa siku. Si wakati wa kukojoa. Na usitegemee kitu wiki ya kwanza. Ni miezi mitatu. Mimi nilifanya nikinyonyesha, nikichambua mchele, nikisubiri daladala. Mwezi wa pili chafya zilianza kupita salama.

Kosa nililokuwa nalifanya ni kuacha kunywa maji kila ninaposafiri. Mkojo unakuwa mzito na kukichokoza kibofu zaidi. Sasa ninakunywa kidogo kidogo, nimepunguza chai ya rangi.

Anayekimbilia choo kila mara, dawa yake ni nyingine: aandike kwa siku tatu saa anazokwenda, kisha azoee kuchelewa dakika tano, halafu kumi. Ukiona damu kwenye mkojo, usifanye mazoezi wala usinunue vidonge, nenda hospitali. Kwa watoto wetu wa pwani na visiwani inaweza kuwa kichocho. Na dada uliyekaa na uchungu wa uzazi muda mrefu, kisha mkojo ukawa unatoka mfululizo usiku na mchana, hiyo inaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Inatibika kwa upasuaji, na hospitali ya CCBRT pale Dar es Salaam wanaitibu bure. Usijifungie ndani.

Mwezi uliopita mama mkwe alikuja kutoka Muheza. Usiku, watoto wamelala, akaingia chumbani kwangu akafunga mlango, akakaa kimya kitambo akikunja ncha ya kanga yake. Kisha akauliza, "Hayo mazoezi yako, yanamfaa mtu wa miaka 68?"

Nikamwambia yanamfaa. Tukatandika mkeka, tukalala chali wote wawili, nikaanza kuhesabu.