Unga wa keki wa paketi na bakteria: maswali yenu

Ndugu yangu hunitumia unga wa keki wa paketi kutoka Marekani. Nasikia kule uliwahi kurudishwa kwa sababu ya bakteria. Ni kweli? (Msomaji, Kisauni)

Ni kweli, dada, na si mara moja. Novemba 2018 aina nne za unga wa keki wa Duncan Hines ziliondolewa madukani baada ya bakteria waitwao salmonela kupatikana katika sampuli. Mwaka 2021 watu 16 kule waliugua kwa bakteria wengine, E. coli, 7 wakalazwa, na wengi wa waliohojiwa walikuwa wameonja rojo bichi la keki. Mzigo ukifika, soma jina, nambari ya bechi na tarehe, umwombe nduguyo azilinganishe na tangazo la kurudisha bidhaa. Zikifanana, usifungue. Tia paketi kwenye mfuko mwingine, ufunge, utupe.

Si moto utaua kila kitu? (Likoni)

Keki ikiiva mpaka ndani, bakteria hao hufa. Lakini unga hurukia mikono, meza, hata kachumbari iliyo kando, na hivyo havipiti motoni. Paketi iliyotajwa kwenye tangazo haiokwi. Na nyinyi mnaopalia makaa juu ya kifuniko, angalieni: juu hubadilika rangi mapema, katikati bado uji. Chomeni kijiti.

Wanangu hugombania kulamba bakuli. Nisipotia mayai kuna ubaya gani? (Majengo)

Hili linanisumbua kuliko yote. Tumezoea kulaumu yai, na unga tunauona safi kwa kuwa ni mweupe na mkavu. Unga wa ngano ni kitu kibichi. Ngano huota shambani, kinyesi cha wanyama huweza kuifikia, na kuisaga hakuui bakteria. Ukavu nao hauwaui. Hukaa miezi wakingoja maji. Unga wa mahamri na chapati ni vivyo hivyo, kwa hivyo mtoto anayesaidia kukanda asionje kinyunya, na anawe kwa sabuni akimaliza. Wapo wanaofundisha kukaanga unga kwanza ndipo uliwe mbichi. Msiwafuate: kwenye kitu kikavu bakteria huvumilia joto, na unga haupati moto sawasawa. E. coli za aina iliyowapata wale wa mwaka 2021 huweza kuharibu figo, hasa za mtoto wa chini ya miaka mitano. Mpeni bakuli akalioshe, keki ataila ikiiva.

Nimeshaumimina mkebeni, paketi nimetupa. (Tudor)

Kama ni wa jina lililotangazwa, utupe wote. Osha mkebe kwa maji moto na sabuni, ukauke kabisa. Siku nyingine kata kipande chenye nambari, ukibandike kwenye mkebe.

Mjukuu alikula rojo juzi, leo anaharisha. Nimpe antibiotiki zilizobaki nyumbani? (Mji wa Kale)

Usimpe, bibi. Ikiwa ni E. coli, huenda zikazidisha hatari kwa figo. Mpe maji ya ORS (yale ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) kidogo kidogo. Ukiona damu kwenye choo, homa kali, au hakojoi kama kawaida, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na umwambie daktari kwamba alikula rojo bichi.