Usianze na kura

Kama umepewa kuongoza kikao cha kuchagua mawazo kwa mara ya kwanza, nakuomba usianze na kura. Mimi nilianza hivyo. Tulikuwa tisa, ukuta umejaa karatasi, kila mtu ana vibandiko vitatu vya kubandika kwenye mawazo anayoyapenda. Wazo la mkuu wetu likapata vibandiko saba. Wiki chache baadaye hakuna aliyekuwa akilishughulikia, na nilipouliza mmoja mmoja, wengi walikiri kwamba walibandika pale walipoona wenzao wamebandika.

Mwaka 1951 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwapa watu kazi ya kulinganisha urefu wa mistari. Jibu lilikuwa wazi, lakini wenzao, waliopangwa naye kwa siri, walipotaja jibu la makosa kwa pamoja, wengi wa waliojaribiwa walilifuata walau mara moja. Ikiwa ni hivyo kwa mistari inayoonekana, sembuse mawazo ambayo bado hayajajaribiwa?

Siku hizi naanza kwa kuandika ubaoni sentensi moja: tunataka nini kiwe kimebadilika baada ya miezi mitatu. Hatuendelei mpaka tukubaliane. Kisha kila mmoja, kimya, anaandika namba mbili kwa kila wazo, kuanzia 1 hadi 5: faida yake kwa lengo lile, na ukubwa wa kazi. Karatasi zinafunuliwa kwa mpigo, na mkuu huzungumza mwisho.

Hapo ndipo kazi yako inapoanza. Usikimbilie wastani: mmoja akiandika 1 na mwingine 5, wastani ni 3, namba ambayo hakuna hata mmoja wao anayeiamini. Waulize hao wawili wanajua nini ambacho wengine hawakijui. Safari moja sote tuliona wazo fulani ni jepesi, isipokuwa mwenzetu mgeni aliyeliandikia 5 kwa ukubwa wa kazi. Ni yeye peke yake aliyejua kwamba kumbukumbu za wateja ziko kwenye mifumo miwili isiyosomana. Katika kura ya vibandiko asingefungua mdomo.

Mambo mepesi yanayokubalika na wote yapitisheni haraka. Tangazeni mapema nani ana uamuzi wa mwisho, kwa sababu namba haziamui. Chagueni machache, matatu yanatosha.

Mawazo yaliyobaki yana wenyewe. Mweleze kila mmoja siku hiyohiyo kwa nini lake limesubiri, na uandike ni jambo gani likibadilika mtalirudia.